Vikatuni Vyetu Vitasemeshwa na Nani?

Lipo neno linalorudiwa katika mabaraza yetu ya fasihi hata likadhaniwa kuwa ni hukumu iliyokwisha kukatwa. Neno lenyewe ni hili: kwamba katuni ni mambo ya watoto na wachekeshaji, na ushairi ni mambo ya watu wazima wenye hekima, na kwamba mwenye kushika hili hana haja ya kuligusa lile. Nimelisikia kwa malenga ninaowaheshimu, tena si mara moja. Nalipinga, kwa kuwa hasara yake haiwapati malenga peke yao. Inampata mtoto wa Mswahili, ambaye leo huzipata hadithi zake za kwanza kwenye kioo cha televisheni au cha simu, na aghalabu huzipata kwa lugha isiyo yake.

Natuanze na ujirani. Magazeti ya Kiswahili, tangu enzi za Mambo Leo lililoanza kuchapishwa mwaka 1923, yalimpa mshairi nafasi yake. Baadaye yakampa na mchoraji yake. Katika gazeti la Uhuru, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, alikuwapo Chakubanga wa Christian Gregory, ambaye wasomaji wengi walimtafuta kabla ya kuitafuta habari kubwa ya siku. Kenya walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyeishi katika Taifa Leo kwa miongo mingi. Jarida la Sani, lililopata jina lake kwa kuunganisha majina ya Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, likatuletea akina Ndumilakuwili, Lodilofa na Madenge. James Gayo naye akatupa Kingo. Aliyenunua gazeti kwa ajili ya shairi alikutana na katuni, na aliyelinunua kwa ajili ya katuni alikutana na shairi. Tulikuwa majirani wa karatasi moja, tukisomwa na macho yaleyale.

Wala ujirani huo haukuwa wa karatasi tu. Katuni ya visanduku vinne ni ndugu wa tarbia. Kisanduku cha kwanza ni mwanzo, cha pili ni mloto, cha tatu ni mleo, na cha nne ni kimalizio, pale neno linapogeuka na msomaji akacheka au akajikuna kichwa. Mchoraji naye ana mizani yake: kiputo hakimruhusu kutia maneno mengi, na akiyazidisha huifunika picha yake mwenyewe. Baina ya kisanduku na kisanduku ana ukimya wake, ule ufito mweupe ambapo hakuna kilichochorwa wala kuandikwa, na ndipo msomaji anapofanya kazi. Asiyeona kwamba hiyo ni sanaa ya kupima maneno, basi na tarbia ameihesabu kwa vidole tu.

Kwa hiyo katuni ya gazetini inapotolewa kwenye karatasi na kutiwa mwendo na sauti katika televisheni, suali la kwanza kwangu halihusu mashine wala rangi. Je, mizani yake itahama pamoja nayo? Ule ukimya utabaki, au utajazwa kelele? Na anayempa kikatuni sauti ni nani, na kwa lugha gani?

Upo mfano mmoja mashuhuri wa ugenini ambao unajibu masuali hayo vizuri kuliko hoja zangu. Mwaka 1950 Mmarekani Charles Schulz alianza kuchora gazetini katuni iitwayo Peanuts, ya watoto wadogo wasio na mtu mzima katika picha, na akaichora mpaka karibu na kifo chake cha Februari 2000. Tarehe 9 Desemba 1965 shirika la CBS lilionyesha filamu fupi ya katuni iliyotokana na michoro hiyo, A Charlie Brown Christmas. Mtayarishaji alikuwa Lee Mendelson, mwongozaji Bill Melendez, mzaliwa wa Mexico, na muziki ulikuwa wa mpiga piano wa jazi Vince Guaraldi. Kisa chenyewe ni chepesi. Mtoto mmoja ana huzuni wakati wenzake wote wana furaha ya sikukuu. Anaona kila kitu kimegeuzwa biashara. Anatumwa kununua mti wa kupamba, akarudi na kimti kilichodumaa, wenzake wakamcheka.

Wakubwa wa kituo walipoitazama kabla ya kurushwa, hawakuipenda. Waliiona inakwenda pole mno. Haikuwa na kile kicheko cha kubandikwa ambacho televisheni za huko zilikizoea, kwa kuwa Schulz alikikataa katakata. Sauti za watoto zilikuwa za watoto kweli, si za watu wazima wanaojibana koo, na baadhi yao walikuwa wadogo hata kusoma hawajui, wakafundishwa maneno yao sentensi kwa sentensi, kwa kusikia na kurudia. Muziki wa jazi katika hadithi ya watoto ulionekana kuwa kituko. Filamu ikarushwa, na karibu nusu ya televisheni zilizokuwa zimewashwa Marekani usiku ule zilikuwa zikiitazama. Ikapata tuzo ya Emmy na tuzo ya Peabody, na imeendelea kutazamwa vizazi kwa vizazi.

Nawaomba wenzangu wa visiwani na wa pwani nzima watulie kidogo kwenye jambo moja katika filamu hiyo. Kilele chake si mchezo wala kicheko. Mtoto mmoja, Linus, anatoka mbele ya jukwaa tupu, taa zinafifishwa, muziki unanyamaza, naye anasoma kwa moyo, bila mapambo, aya chache za Injili ya Luka. Wala hakuzisoma katika lugha nyepesi ya mtaani. Alizisoma kwa Kiingereza cha tafsiri ya mwaka 1611, lugha ya karne tatu na nusu kabla yake, yenye maneno ambayo hakuna mtoto wa Marekani anayeyatumia dukani. Na watoto wa nchi nzima wakanyamaza wakasikiliza.

Imani iliyomo katika aya hizo ni ya wenye nayo. Mimi nazungumzia usomaji. Nani katika pwani yetu atashangazwa na jambo hilo? Sisi tunaojua kisomo cha Maulidi kinavyoushika umati wa watu kwa maneno ambayo wengi hawayatumii sokoni. Sisi ambao watoto wetu chuoni hujifunza kwa kusikia na kurudia kabla hawajajua kusoma, sawasawa na wale watoto wa Melendez. Sisi tuliolelewa kwa kuitikia pakawa kila tuliposikia paukwa. Tulikuwa na elimu hiyo kabla ya CBS kuwa na umeme. Hata hivyo ndio sisi tunaoambiwa leo kwamba mtoto hawezi kuvumilia ukimya, na kwamba Kiswahili kilichotungwa vizuri ni kizito kwake.

Sasa turudi nyumbani tuone tulichofanya. Historia ilitutania kidogo. Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1973, wakati Bara haikuwa nayo kabisa; Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Hivyo katika miaka ambayo Chakubanga alikuwa hai na anatajwa vibarazani, kioo kilikuwa upande mmoja wa bahari na mchoro upande wa pili. Kioo kilipofika Bara, kilikuta kimeshatayarishiwa shehena ya katuni za kigeni, na vikatuni vya magazeti yetu havikuulizwa.

Hilo lilikuwa na udhuru zamani. Leo halina. Nairobi wamekwisha kuonyesha kwamba kazi hii inawezekana: mwaka 2010 zilitoka Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa huko kwa kufuata mtindo wa picha alizozianzisha Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972. Picha zilikuwa zetu, wanyama walikuwa wetu, hadithi zilifanana na zile za bibi zetu. Lakini zilitengenezwa kwa Kiingereza, na watoto wa Uingereza ndio waliotangulia kuziona. Dar es Salaam nao, tangu 2014, wametoa Ubongo Kids, kwa Kiswahili, katika televisheni ya taifa. Kazi ile naiheshimu, maana imewafundisha watoto hesabu kwa nyimbo, na mafundisho yana mahali pake. Ila somo ni somo na hadithi ni hadithi. Mtoto anayefundishwa kila anapocheka ataanza kuogopa kucheka. Charlie Brown hafundishi kujumlisha. Anaona huzuni, basi, na mtoto anayemtazama anajua kwamba huzuni yake mwenyewe ina jina.

Mimi naandika kutoka Morogoro, mji ulioegemea milima ya Uluguru. Kutoka milima hii hushuka Mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam. Kwa hiyo tumezoea kutoa kitu kizuri kikanyweka mbali. Huku kwetu, kama kwingineko Bara, watu wa kipato kidogo hutazama filamu katika vibanda umiza: benchi, kioo kimoja, kiingilio kidogo. Humo ndimo ilimosikika sauti ya Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, na za wengine waliofuata njia yake ya kuisimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti zake. Wapo wanaowacheka wasimulizi hao. Mimi siwacheki. Wao walithibitisha jambo ambalo vituo vikubwa havikutaka kuliamini, kwamba mtu wa kawaida yuko tayari kulipa fedha yake ili asikie hadithi kwa lugha yake. Lakini usimulizi wa namna ile una tabia ya kujaza kila upenyo. Pale filamu inaponyamaza, msimulizi husema. Kwa filamu ya mapigano si kitu. Kwa katuni iliyozaliwa gazetini ni mauaji, kwa sababu ukimya wake ndio kimalizio chake.

Kazi yangu ni kutafsiri pamoja na kutunga, nami nimeyafasiri mazungumzo ya filamu ile ya 1965 na kuyasoma kwa watoto wa mtaani kwetu huku picha ikienda bila sauti. Walionionya waliniambia kwamba theluji itawashinda. Haikuwashinda, mtoto anayeujua ukungu wa Mgeta hahitaji maelezo marefu ya baridi. Waliniambia kwamba mti wa sikukuu utawashinda. Nao haukuwashinda, maana wengi wameona tawi la mvinje limesimamishwa ndani ya ndoo ya mchanga sebuleni. Palipokuwa na kazi ni katika vile vitamko vya neno moja au mawili ambavyo Charlie Brown huvitoa kila anapoangushwa na dunia. Mfasiri mvivu atampa sentensi nzima ya kueleza jinsi anavyojisikia. Kiswahili hakina shida hiyo. Kina jamani, kina loo, kina ama, kina ole wangu, na kina msonyo ambao hauandikiki. Nilimpa jamani, ya chini kabisa, ya mtu aliyechoka, na watoto wakacheka pale hasa palipotakiwa kuchekwa. Mizani ilihama. Iliyonihamishia mizani hiyo si mashine, ni mazoea ya kuhesabu silabi.

Nilipolipeleka wazo la kufanya vivyo hivyo kwa kikatuni cha kwetu mbele ya mtayarishaji mmoja wa vipindi, aliniambia mambo matatu. Nayaandika kwa kuwa si yake peke yake.

La kwanza, kwamba watoto wa leo wanataka kasi na kelele. Jibu langu ni kwamba hayo ndiyo waliyoyasema wakubwa wa CBS, na usiku mmoja uliwaumbua. Mtoto hazaliwi akipenda kelele, huzoeshwa.

La pili, kwamba hakuna fedha ila za wafadhili na wenye bidhaa, na hao wana masharti. Ni kweli kwamba chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Lakini filamu ile inayolalamikia biashara ililipiwa na Coca-Cola, kampuni ya soda, na bado ikasema ilichotaka kusema, kwa sababu mwenye fedha hakuachiwa kalamu. Ubaya hauko katika kufadhiliwa. Ubaya uko katika kumwachia mfadhili aandike kimalizio. Na hapo ndipo ninapowalaumu malenga kuliko wafadhili: kalamu iliyoachwa mezani itashikwa na yeyote aliye karibu. Hata filamu ile haikusalimika na mkono wa biashara baadaye. Tangu mwaka 2020 haki za kuionyesha zimo mikononi mwa kampuni ya Apple, na iliyokuwa ikingojewa na kila nyumba yenye televisheni imehamia kwenye huduma ya kulipia. Anayedhani kwamba hadithi za umma zitabaki za umma bila kulindwa, na alitazame hilo. Na sisi tutakapowatoa akina Chakubanga katika karatasi, tuanze kwa kuzilipa familia za waliowachora, si kuwachukua kama kuni za porini.

La tatu, na ndilo lililonichoma, kwamba Kiswahili cha washairi hakifai katuni, na kwamba wahusika wote lazima waseme Kiswahili kimoja cha mjini. Huku ni kuikosea katuni na lugha kwa pamoja. Nguvu ya katuni za magazetini ilikuwa hasa katika kusikia watu mbalimbali wakisema kwa namna mbalimbali: karani, mkulima, mlevi, shangazi, mwanasiasa. Mshairi wa kweli hasemi Kiswahili kimoja. Anajua cha Pemba na cha Unguja, anajua cha Lamu, anajua Kiswahili cha Mluguru mwenye Kiluguru chini ya ulimi wake. Kumtia kila mhusika sauti ya mtangazaji mmoja ni kama kuimba tenzi zote kwa mahadhi ya tangazo la sabuni.

Nitatoa mfano wa kinachowezekana, ili nisidhaniwe nalaumu tu. Mapema miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta Uluguru mpango wa kuhifadhi udongo, ikawalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko. Watu waliijua ardhi yao. Waliona udongo mzuri ukifukiwa na usiofaa ukiletwa juu. Mwaka 1955 wakakusanyika Matombo kupinga, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa, na mpango ukaachwa. Sasa mchoreeni bibi mmoja na mjukuu wake. Kisanduku cha kwanza: bwana shamba ananyoosha kidole mlimani. Cha pili: bibi anachimba. Cha tatu: mjukuu anauliza tunapanda nini. Cha nne: bibi anautazama udongo mkononi, hasemi kitu. Kitieni mwendo, kitieni upepo wa mlimani, na ule ukimya wa bibi muuache ulivyo kwa pumzi tatu. Hakuna somo la historia litakalomfikia mtoto kwa kasi hiyo. Na mjukuu huyo akiwa mkubwa, apite Mgeta aone ngazi za mboga ambazo wakulima wamejichimbia wenyewe kwa hiari yao, ajue tofauti ya kuamriwa na kuamua.

Muziki nao hatuhitaji kuuazima. Morogoro ni mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba yake, na wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Salum Abdallah alifariki mwaka 1965, mwaka uleule ambao jazi ya Guaraldi iliingia katika hadithi ya watoto wa Marekani na ikawa haitoki tena. Je, nani alisema gitaa la Morogoro haliwezi kumsindikiza mtoto akipanda mlima na ndoo kichwani? Na je, nani alisema udi na kanuni za Unguja ni za harusi na za ukumbini tu?

Kwa hiyo madai yangu ni haya. Malenga washuke barazani waende kwa wachoraji. Vyama vya washairi, ambavyo huandaa mashindano ya kujibizana kila mwaka juu ya mada zilezile, vitoe tuzo kwa mazungumzo ya katuni ya dakika ishirini na tano, yaliyotungwa kwa Kiswahili kilichopimwa. Wahariri wa kurasa za mashairi wawarudishe wachoraji kuwa majirani zao. Na vituo vya televisheni, vya Bara na vya Visiwani, vikubali kurusha kitu kimoja tu kwa mwaka ambacho hakina kicheko cha kubandikwa, hakina somo la kusukumizwa, na kinasemwa na watoto wenyewe kwa sauti zao. Kimoja kwa mwaka si kingi. Marekani kimoja kiliwatosha kwa zaidi ya nusu karne.

Wazee walisema mwacha asili ni mtumwa. Naongeza kwamba asiyeacha asili, ila akaifungia kabatini isisemwe na mtu, naye hajapishana sana na huyo. Vikatuni vyetu vimo katika makabati ya magazeti ya zamani, midomo imechorwa wazi. Mwenye masikio ataitambua njaa yake.

Picha ilo gazetini, siku zote yanyamaa,
Yangojea kwa makini, mtu wa kuipa taa,
Nasi tumo barazani, kwa porojo twazubaa:
Itasemeshwa na nani, sisi tukiikataa?

Wakija wa ugenini, sauti wakaizaa,
Tusiulize kwa nini, mwana wetu kashangaa,
Lugha ya kwao nyumbani, kwake imekuwa baa:
Itasemeshwa na nani, sisi tukiikataa?